Kwenda Inyonga kwa Ajili ya Daktari

Niliondoka Kakese siku ya Alhamisi, na mkuu wangu wa shule nilimwambia nusu tu ya wasiwasi niliokuwa nao. Mimi ndiye mwalimu ninayewasaidia wanafunzi wa kidato cha nne kuchagua tahasusi na vyuo. Dirisha la kubadilisha machaguo mtandaoni lilikuwa linafungwa kesho yake saa sita mchana. Wote nilidhani nimeshawamaliza, isipokuwa Kabula.

Kabula aliniambia anataka kuwa daktari, nami nikamjazia Fizikia, Kemia na Baiolojia bila kupepesa macho. Matokeo yakatoka: Baiolojia safi, Kemia safi, Fizikia ikamwangusha. Nisipomhamishia chuo cha afya, hapangiwi popote. Neno la siri la kuingilia kwenye machaguo yake alikuwa analijua yeye peke yake, na familia yao ilikuwa imehamishia ng'ombe porini nje ya Inyonga, ambako simu haishiki.

Saa kumi na mbili asubuhi bodaboda alinifikisha stendi ya Mpanda, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Basi la saa moja liliondoka saa mbili kasoro, likisubiri magunia ya mchele ya mtu ambaye hata hakusafiri nayo. Nilitazama saa mpaka mama niliyekaa naye akanionea huruma.

"Pole, mwanangu. Msiba wa nani?"

"Hakuna msiba, mama. Naenda kwa mwanafunzi."

Hakuniamini. Alinimegea kipande cha muhogo wa kuchemsha, nami nikala kwa adabu.

Saa nne na nusu nikashuka Inyonga. Asali ilikuwa imepangwa kando ya barabara kwenye chupa za maji, nikaipita bila kuuliza bei, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilikwenda moja kwa moja steshenari.

"Mtandao upo, dada?"

"Mtandao upo. Umeme ndo unakuja unakata," alijibu mwenye duka. "Nafunga saa kumi na moja."

Nikachukua bodaboda mwingine, aliyejua lilipo zizi lao. Tulipita mabani ya kukaushia tumbaku, kisha miombo mitupu yenye mizinga juu ya miti, kisha mchanga ambao ulinilazimu kushuka na kusukuma pikipiki pamoja na dereva. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Niliogopa baba yake atakataa. Niliogopa nitamkuta ameshaozwa. Hofu hii ya pili sikuitamka, lakini walimu wenzangu wa huku wataielewa.

Saa sita na robo nikafika. Kabula alikuwa amechuchumaa kando ya ndama, bomba la sindano mkononi. Aliponiona akasimama ghafla.

"Shikamoo madam. Nimefeli?"

"Marahaba. Hujafeli. Nimekuja tukuhamishie chuo cha afya kabla dirisha halijafungwa. Si ulisema unataka kuwa daktari?"

Kabula akamtazama mama yake. Mama yake akageuka, akaita kwa sauti, "Daktari! Mwalimu huyu anakutafuta!"

Akatokea nyuma ya zizi mwanaume mwenye viatu vya mpira na boksi la dawa, mkono mmoja umejaa kinyesi mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa bwana mifugo. Akaniomba radhi kwamba hawezi kunipa mkono.

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji.

"Huyu ndiye daktari uliyemsema?"

"Ndiyo, madam. Kwani kuna mwingine?"

"Wa zahanati je?"

"Yule tunamwitaga nesi. Hata akiwa mwanaume."

Nisiseme uongo: nilitaka kumshawishi. Nilishamtangazia mkuu wa shule kwamba tunatoa daktari, na kichwani nilishaliona jina la Kabula limebandikwa ofisini. Nikamwambia hospitali kuna heshima, kuna koti jeupe. Akanisikiliza mpaka mwisho, ng'ombe wakilia nyuma yake.

"Madam, mtu akilia mimi nachanganyikiwa," alisema. "Ng'ombe akilia najua pa kushika."

Bwana mifugo akasema taratibu kwamba ndama watatu wa wiki ile waliokuwa wamekaa vibaya tumboni, aliyewageuza ni Kabula. Mkono wake mwembamba unafika anakoshindwa yeye. Nikaona aibu iliyonishuka mpaka miguuni. Miaka minne nimemfundisha, na nilikuwa nimemuuliza swali moja tu.

"Panda pikipiki," nikamwambia. "Twende tukabadilishe."

Saa nane na nusu tulikuwa Inyonga, na umeme haukuwepo. Tulikaa kwenye benchi la steshenari, Kabula akinuka zizi, mimi nikinuka jasho. Basi la mwisho la kwenda Mpanda, linalotoka Tabora, hupita saa kumi. Saa tisa na nusu feni ikaanza kuzunguka. Dada akawasha kompyuta, ukurasa ukafunguka nusu, ukaganda, ukafunguka tena. Kabula akaandika neno la siri na kucheka kwa haya: ni jina la mtamba wake, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Ningekuwa na akili, ningeanza kwa kumuuliza hilo.

Akasoma orodha ya vyuo vya mifugo mwenyewe. Nilijizuia kumwonyesha kwa kidole. Alipobonyeza cha tatu, ukurasa ukasema chaguo limepokewa, nikashindwa kuzuia machozi, mbele ya dada wa steshenari na wateja wake wawili.

"Madam, usilie," Kabula akasema. "Nachanganyikiwa."

Saa kumi na dakika tano nikiwa kwenye basi nilitoa daftari langu la machaguo nipige mstari kwenye jina lake. Ndipo nikasoma ukurasa mzima. Mbele ya kila jina nilikuwa nimeandika neno moja walilonijibu: nesi, mwalimu, injinia, bwana shamba, injinia. Nilikuwa nimeyaelewa yote upesi mno.

Simu ilikuwa bado ina vijiti viwili vya mtandao. Nikampigia Yohana wa Kakese, niliyempeleka tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati, na ambaye nilijisifu kwa ajili yake kuliko wote.

"Yohana, uliponiambia injinia, ulikuwa unamsema nani?"

"Shikamoo madam. Si yule anayetengenezaga mashine ya kukoboa mpunga? Kwani kuna mwingine?"

Nikamwambia asitoke nyumbani kesho, nitakuwa kwao kabla ya jua kuchomoza. Kisha nikarudi juu ya ukurasa na kumpigia wa jina la kwanza, kijiti cha mtandao kikiwa kimebaki kimoja.