Chapati za Daktari Ndegwa

Kama ulipita Makongeni, Thika, Alhamisi jioni mwaka jana ukanusa chapati, usijidanganye kwamba kulikuwa na harusi. Ilikuwa ni Auma anatibiwa.

Auma alipanga mikebe kwenye kiwanda cha juisi, na alivaa sweta mwaka mzima, hata jua la Thika likichoma mpaka mbwa wanakosa hamu ya kubweka. Watu walimcheka. Hawakujua kwamba akikaripiwa kazini, wazo moja lilimjia: hufai kitu. Likimjia, alijiumiza mkono, kisha akashusha sweta na kuona aibu. Tena aliogopa, maskini, kwamba siku moja hataweza kuacha.

Ndipo akaenda Ruiru kwa mshauri, Bwana Bedan Ndegwa, mtu mpole wa tai fupi, aliyekulia Kalimoni na kutamka L na R vile zinavyomjia. Kwake hakuna sindano wala vidonge. Ni maneno tu, kila Jumatatu: wazo linakuja vipi, linasema nini, na ushahidi wake uko wapi.

"Auma," alimwambia siku ya kwanza, "hiro wazo rikija, usiritii. Usiguse mkono. Karamu kwanza! Kaa nayo dakika ishirini, uone kama wazo bado rina nguvu. Wiki ijayo uniretee kazi yako niione."

Auma alitoka akijikuna kichwa. Karamu? Kila mara? Lakini daktari ni daktari. Alhamisi, siku ya ukaguzi, msimamizi akamfokea mbele ya watu, na wazo likamfuata mpaka nyumbani. Auma akalia kidogo, akapangusa kamasi, akatoa unga. Na kwa kuwa karamu haiwi ya mtu mmoja, akagonga milango. Akaja Mama Kagwe wa chumba cha pili, mwenye sauti ya kuita wateja sokoni. Akaja Nzau, soja wa kulinda geti huko Membley, ambaye Alhamisi ndiyo ofu yake, haendi kazini.

"Tunasherehekea nini?" Nzau akauliza.

"Kuleni tu."

"Amina," Nzau akasema, akachukua chapati ya tatu.

Auma aliendelea kukanda unga bila kuvua sweta yake, mikono ya sweta ikawa myeupe mpaka kwenye viwiko. "Si ukunje hiyo sweta, wee!" Mama Kagwe akamfokea. Auma akajifanya hasikii. Lakini dakika ishirini zilipita, zikawa saa mbili, na wazo likakosa hata pa kukaa.

Jumatatu akafika Ruiru na bakuli. Ndegwa akafunua, akakuta chapati nne.

"Hii ni nini?"

"Kazi yangu, daktari. Karamu."

"Auma! Nirisema karamu! Karamu ya kuandikia!"

"Kalamu?"

"Si ndiyo nasema? Karamu!"

Walicheka mpaka mtu aliyengoja nje akachungulia. Halafu Ndegwa akafuta miwani, akauliza polepole, "Na mkono?"

"Sikuugusa. Nilikula na majirani."

Ndegwa akamega chapati. "Basi zote mbiri," akasema. "Ya kuandika na ya kura. Rakini hao majirani wanajua?"

"Woi, hapana!"

"Siku moja unga itaisha, Auma."

Na kweli uliisha. Alhamisi ya sita wazo likaja, Auma akafunua debe, tupu. Akashika kalamu. Akaandika: Sifai kitu. Chini yake akaandika: Ushahidi? Akakaa akiitazama hiyo alama ya kuuliza, na ile hamu mbaya ikazidi kupanda. Mara mlango ukagongwa kwa fujo.

Alikuwa Mama Kagwe na pakiti ya unga, Nzau nyuma yake na sufuria.

"Leo kumenyamaza sana," Mama Kagwe akasema. "Umegonjeka?"

Auma akafungua mdomo aseme yuko poa, uongo ukamgomea. "Mimi hujiumiza, Mama Kagwe. Mkono. Hizi chapati zilikuwa dawa."

Nzau akaweka sufuria chini.

"Ngai!" Mama Kagwe akapasuka. "Na si ungesema? Mimi nilidhani unamtega Nzau!"

"Hata mimi," Nzau akasema kwa huzuni.

Auma akacheka huku machozi yakimtoka. Mama Kagwe akamimina unga kwenye karai. "Haya, kunja sweta. Unga haijikandi."

Auma akakunja, mkono wa kushoto, halafu wa kulia, mpaka juu ya viwiko. Mama Kagwe akaona. Akaushika ule mkono kidogo, akaupaka unga, akamsogezea karai. Nzau akauliza kama leo kuna maharagwe.