Njiwa Yuko, Njiwa Iko

Mafuta ya simsim yakipashwa moto yana harufu nzito inayong'ang'ania nguo. Hii ni wiki ya tatu namkanda nayo miguu shangazi yangu Zainabu, hapa nyumbani kwake Koboko, na kila nikiyanusa namkumbuka njiwa wangu. Nimechoka, msomaji wangu, kwa hiyo nivumilie nikisimulia polepole.

Nilikuwa na miaka tisa. Shangazi ndiye aliyenilea. Marehemu mumewe alikuwa askari, akatuachia redio, koti la jeshi na Kiswahili cha kambini ambacho ndani yake kila kitu ni "iko". Chai iko, mvua iko, mgeni iko. Njiwa wangu naye iko, mpaka paka wa jirani alipomrukia. Nilimkuta uani bawa linaning'inia, jicho moja limefumba.

Majirani walishauri tumtie sufuriani kabla hajakonda. Shangazi alimwokota njiwa. Alimfunga bawa kwa utepe wa kitenge, akampaka kidondani mafuta ya simsim ya uvuguvugu, akamlaza kwenye mkebe wa biskuti. Uji wa mtama tulimdondoshea mdomoni kwa bomba la sindano, tone kwa tone, kutwa nzima. Kumuuguza ndege kunachosha kuliko kulima, maana ukisinzia kidogo tu uji unaingia njia ya pumzi. Shangazi alikuwa akirudi kutoka shambani Dranya na udongo bado miguuni, akinikuta nasinzia ananitoa bomba mkononi bila neno, anaendelea yeye.

Siku ya tano ya kumuuguza, likizo ikaisha. Ilinibidi nirudi Arua, kwa mjomba aliyekuwa akikaa mtaa wa Mvara, nilikokuwa nasoma. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

"Wewe enda soma," shangazi aliniambia. "Hii ndege mimi tachunga."

Kila Jumapili nilimpigia kwa simu ya mjomba. Njiwa iko? Iko. Basi nililala vizuri wiki nzima. Kisha mwalimu wetu wa Kiswahili akatufundisha kwamba mtu na mnyama husemwa yuko, sufuria ndiyo iko. Elimu kidogo ina kiherehere. Jumapili iliyofuata nikamsahihisha mtu aliyenifunza kusema.

"Shangazi, si iko. Sema yuko. Njiwa ana uhai."

Nilimsikia akiizima redio.

"Iko, mutoto yangu," alisema. "Soma."

Niliporudi likizo nikaonyeshwa jiwe chini ya mpapai. Mkebe ulikuwa umefukiwa pale pamoja na njiwa wangu, aliyekufa siku mbili tu baada ya mimi kuondoka. Nilimchukia shangazi kwa karibu wiki nzima. Kimoyomoyo nilimwita mwongo, na chakula chake nikakila kwa kununa.

Sasa ninajua kwamba hakukosea hata sarufi. Njiwa alikuwa amekwisha kuwa kitu, sawa na ile sufuria ya mwalimu, na sufuria ni iko. Ninajua pia kwamba kila Jumapili alikuwa akinitoa mzigo mkononi bila neno, kama alivyonitoa lile bomba, naye alikuwa amechoka kuliko mimi. Haya sikuyaelewa mpaka nilipoanza kumlisha yeye uji.

Kaka yangu hupiga simu kila siku kutoka Arua kuuliza hali yake. Leo asubuhi simu yake ilinikuta nimeshika bakuli la uji ambalo shangazi alikuwa amelikataa tangu jana. Muuguzi wa zahanati alikuwa ametuambia tujiandae. Kaka akauliza kama shangazi yuko, nami kwa uchovu nikajibu kama tulivyozoea nyumbani.

"Iko."

Kitandani shangazi hakufumbua macho. Midomo tu ndiyo iliyosogea.

"Sema yuko," alisema. "Mimi bado."

Nikairudisha simu sikioni, nikasema yuko. Kisha nikaenda kuupasha uji moto tena.