Fundi wa Gesi Alipokuja Matangani

Ujumbe uliingia kwenye simu ya mama jioni, mama akiwa ameshafariki. Fundi wa hita atafika kesho, Jumatano, kati ya saa mbili na saa sita. Tafadhali pawe na mtu nyumbani.

Simu ilikuwa kwangu kwa sababu papa, yaani baba yangu, hakutaka kuishika. Niliusoma ule ujumbe nikiwa nimejifungia chooni, mahali pekee ambapo sikubanana goti kwa goti na mtu. Pawe na mtu nyumbani! Nusu ya Wakongo wa Guildford, mji wetu huku Uingereza, walikuwa sebuleni kwetu.

Mama ndiye aliyemwita huyo fundi. Tangu baridi ianze, ukuta juu ya hita ulikuwa unageuka mweusi. Ukiufuta leo, kesho kutwa umerudi vilevile. Alimpigia wakala wa nyumba, akapiga tena, na mara ya mwisho alipiga akiwa hospitalini na dripu mkononi, mimi nikimshikia simu sikioni. Saratani ya damu ilikuwa imeshamla nguvu zote, lakini bado alikuwa na sauti ya kugombana na wakala. Wakala akasema watatuma mtu. Mama akafa, na mtu akatumwa.

Inabidi niseme kuhusu moto. Kwetu Kivu, habari ya kifo ikifika, moto unawashwa mbele ya nyumba. Wanaume wanauzunguka usiku na mchana, na hauzimwi mpaka watu warudi kutoka makaburini. Kuuzima kabla ni kama kumwambia marehemu kwamba tumechoka naye. Mimi sijawahi kuuona. Nilizaliwa kambini Uganda, nikaletwa huku mdogo. Nilikuwa nasikia tu wakubwa wakisimulia.

Siku mama alipofariki, mjomba wangu, kaka yake mama, alipanga mbao za paleti za mizigo uani. Kabla hajawasha kiberiti, jirani alichungulia juu ya uzio akasema, kwa adabu kabisa, kwamba ataita zimamoto. Mjomba akasimama na kiberiti chake. Ndipo shangazi, dada mkubwa wa papa, alipoingia sebuleni akaielekezea kidole hita ya gesi iliyopachikwa mahali pa meko ya zamani.

“Moto njo huu,” akasema. “Moto ni moto. Mtu asiuzime mpaka tumuzike.”

Maziko yalipangwa Jumamosi, ili watu wa maghala na wa kutunza wazee wapate ruhusa kazini. Basi hita ikawaka mfululizo. Makochi yalipelekwa gereji, magodoro yakatandikwa chini, madirisha yakafungwa watoto wasipatwe na baridi. Jikoni masufuria hayakushuka motoni, na ile feni ya kuvuta moshi wa kupikia ilivuma kutoka alfajiri. Papa alikaa karibu kabisa na hita, mgongo ukutani. Hakuzungumza. Akiona mtu anasogeza mkono karibu na kile kitufe cha kuwashia, alimtazama tu, na mkono ulirudi.

Kila mtu aliumwa kichwa. Vidonge vya kutuliza maumivu vilipitishwa kwenye sahani kama karanga. Mdogo wangu wa kiume alitapika Jumanne asubuhi, kisha akalala mchana kutwa miguuni mwa papa. “Ni machozi,” shangazi alisema. “Machozi yasipotoka yanapanda kichwani.” Nilimwamini. Mimi pia kichwa kilinigonga, na sikuwa nimelia.

Fundi alikuja asubuhi. Nilimfungulia mimi, kwa sababu watu walinisukuma: “Enda weye, weye njo mwenye kujua Kizungu.” Alikuwa mtu mzima, mweupe, mnene kidogo. Alitazama lundo la viatu mlangoni, akavua vyake bila kuambiwa. Soksi moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba.

“Angalia,” mwanamke mmoja akanong'ona, “hata Muzungu soksi zinatoboka.”

“Mupatie chakula. Mutu haingii kwa matanga akatoka na njaa.”

Fundi aliona kuta tupu na magodoro, akaniuliza kama tunahama. Nikasema hapana, mama yangu amefariki. Nilisema kwa sauti ndogo hadi ikabidi nirudie, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Akasema pole. Akasema anaweza kurudi wiki ijayo. Nadhani angerudi kweli, lakini kimashine cha kupima hewa kilichoning'inia mkandani mwake kilianza kulia.

Akakitazama. Akamtazama mdogo wangu aliyelala.

“Kuna mtu yeyote hapa anaumwa kichwa?”

Nikatafsiri. Mjomba akasema, “Mwambie aulize nani haumwi.” Watu wakacheka kidogo. Nami nilipomweleza fundi kwa Kiingereza, yeye hakucheka.

Alifanya kazi yake haraka. Aliomba feni ya jikoni iachwe ikivuma na madirisha yabaki vilevile, kwa dakika chache tu, aone hewa ya hita inakwenda wapi. Akapiga magoti pembeni ya papa, akatoa kijiti kinachofuka moshi mweupe, akakishika pale juu ya hita ambapo hewa chafu inatakiwa kuvutwa ipande kwenye bomba hadi paani. Moshi haukupanda. Ulijikunja, ukageuka, ukaja sebuleni kwetu. Wanawake wote waliutazama ukipita juu ya vichwa vyao.

Alinieleza polepole. Bomba lilikuwa limeziba, na feni ilikuwa inavuta hewa ya hita kuirudisha ndani. Hewa hiyo ni sumu isiyo na harufu. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, analala, na anaweza asiamke. Lazima hita izimwe sasa hivi, madirisha yafunguliwe, na mtoto atolewe nje na kupelekwa kwa daktari. Mjomba alikuwa ameelewa Kiingereza cha kutosha. Alimbeba mdogo wangu akatoka naye. Fundi akanyoosha mkono kwenye kitufe.

Papa akaushika ule mkono.

Hakuushika kwa hasira, aliushika tu na hakuuachia. Fundi akanitazama mimi. Shangazi akanitazama mimi. Sijui kuelezea nilivyojisikia. Nyumbani nikiulizwa kwa Kiswahili huwa najibu kwa Kiingereza, au natikisa kichwa, na shangazi hunicheka mbele ya wageni: “Huyu tulizaa Muzungu.” Sasa wote walinisubiri mimi.

“Papa,” nikasema. “Anasema hita ina sumu. Vichwa vinavyouma si machozi. Ni hii.”

“Mwambie arudi Jumapili, siku ya mungu, tukishamuzika.”

“Hawezi kuiacha inawaka, papa.”

“Nizime moto wa mama yako? Alale peke yake kule kwa friji yao, na hapa tuzime?” Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukaa kimya. “Nani alimwita huyu mutu?”

Nilijua jibu na sikutaka kulitoa. Nilihisi nikilitoa nitakuwa ninamtumia mama.

“Ni mama. Alimwita akiwa hospitalini.”

Papa alimwachia fundi mkono. Alikaa akitazama zile sahani za udongo ndani ya hita, zilizoiva rangi ya machungwa. Nilidhani atazima yeye. Akasogea pembeni, akanipa nafasi.

“Basi zima weye. Mie siwezi.”

Nikapita juu ya miguu ya watu, samahani, samahani, nikapiga magoti. Kitufe kilikuwa cha moto na kigumu. Ilibidi nikizungushe kwa mikono miwili. Moto ulipiga mlio mdogo, pu, ukapotea. Sahani zikawa nyekundu, zikawa kahawia, zikawa kijivu. Chuma kilianza kulia tik, tik, kikipoa. Hapo shangazi akapiga yowe, na wanawake wote wakampokea, kilio kilekile cha siku ya kwanza, kama habari ndiyo kwanza inafika. Fundi alivua kofia, akasimama na bisibisi yake, asijue kama anaruhusiwa kuendelea. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Ndipo nami nikalia.

Fundi alifunga gesi, akabandika karatasi nyekundu ya kukataza hita isiwashwe, akaondoka na chakula chake kwenye kopo. Mdogo wangu alipimwa, akawekewa hewa safi, akarudi kesho yake akiomba soda. Vichwa viliacha kuuma. Madirisha yalibaki wazi, na baridi ikaingia hadi kwenye magodoro. Watu walikaa na makoti na blanketi za kanisani. Wenye watoto wachanga waliaga. Papa alibaki palepale, mgongo ukutani, kando ya hita iliyokufa.

Jumamosi tulimzika. Tuliporudi, watu walinawa mikono mlangoni, wakaingia, wakasimama. Kwa kawaida ndio wakati wa kuuzima moto: mkubwa wa familia anaumwagia maji, majivu yanatolewa, na kila mtu anajua kwamba matanga yameisha, aende akaoge, arudi kazini. Shangazi alikuwa ameshika ndoo ndogo ya maji. Sijui aliijaza saa ngapi. Alitazama hita, akatazama ndoo.

“Sasa tuzime nini?” akauliza.

Mjomba aliichukua ile ndoo taratibu, akaenda kuimwaga bafuni. Watu wakakaa tena, chakula kikaletwa. Hakuna aliyesema matanga yameisha. Jioni waliondoka mmoja mmoja, kimyakimya, kama watu wanaotoka kanisani kabla ibada haijaisha.

Makochi bado yako gereji. Papa amerudi kazini, ila bado analala sebuleni kwenye godoro, na mdogo wangu akimuuliza atarudi lini chumbani kwake, anasema, “Ngoja kwanza.”

Mimi simuulizi.