Rangi ya Zadock Haitiwi Maji

Mjomba Zadock anapaka boti rangi hapa Karungu tangu sijazaliwa, na ndiyo maana ameniharibia jeshi. Mimi na marafiki zangu wa Homa Bay tuna mchezo wa vita unaochezewa mezani, na wanajeshi wake ni vinyago vya plastiki, vidogo kama kidole gumba. Nilimpa anipakie vitano kwa sababu mkono wake hautetemeki.

Vilirudi vimevimba. Pua hazionekani, macho yamezama, mkuki umekuwa mwiko wa ugali.

"Mjomba, rangi hii ya vinyago inatiwa maji kidogo. Unapaka nyepesi, unaacha ikauke, unarudia."

Akanikodolea macho kana kwamba nimemtukania marehemu mama yake. "Awino, fundi anayetia rangi maji ni mwizi. Wenye boti wote wananijua mimi."

"Hii si boti! Haiendi ziwani!"

"Leo haiendi."

Nilishika kichwa. Mtu ambaye hajawahi kumpunja mteja hata tone, utamfundishaje? Nikachukua kinyago kipya, nikachovya brashi kwenye rangi niliyoitia maji, nikaipangusa kwa kitambaa, nikapaka uso. Pua ikajitokeza, hadi makunyanzi ya shavuni.

Mjomba akainama, akatazama, akaguna. Hatimaye akavuta kikombe cha maji. Nikamshukuru Mungu mapema mno, maana mkono wake ulisimama hewani.

"Funga mlango kwanza," akasema. "Na dirisha. Wenye boti wakiniona, nimekwisha."