Mkono wa Muzamil

Kila Idi, kwenye ukumbi wa Bordesley Green, huku ughaibuni, wanaume ndio wanaopika pilau uani, na kila Idi Asmahan huungoja kwa hasira wakati wa kuteremsha sufuria. Hapo ndipo macho yote humgeukia mumewe. Muzamil wa Kampala, mtu wa kujaza mlango kwa mabega, hukaa kando akipanga vikombe vya chai. Kunyanyua hanyanyui.

Sugow, mpishi mkuu, hakukosa la kusema. Mabega yale, alisema, ni ya kupigia picha tu. Watu wakacheka.

Wangejua! Muzamil aliwahi kulipwa kucheza besiboli Amerika. Msimu mmoja tu, lakini msimu gani! Timu ilianza mkiani kabisa. Yeye ndiye mrushaji, na kila walipobanwa kocha alimwita yeye, leo, kesho na keshokutwa, kiwiko kimevimba vilevile. Wakabeba kombe. Kabla baridi haijaingia mkono ukafa ganzi, nao wakamwacha. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hampigii mtu makofi kwanza.

Sasa analinda geti la ghala huko Aston, na Asmahan humfunga vifungo vya shati kila asubuhi. Mkono wa kulia umebaki na nguvu ya kushika kijiko tu, na daktari alimkataza kurusha kitu asije akaupoteza wote. Hilo Muzamil hakumwambia mtu, kwa kiburi chake. Aliwasimulia kombe tu, wakaona anawapiga kamba. Mganda na besiboli wapi na wapi?

Idi hii Sugow alimrushia kiazi. Akamwonyesha kopo tupu la mafuta juu ya ukuta, kule mwisho wa maegesho.

"Haya bingwa, tuonyeshe. Au tuseme ulikuwa uongo?"

Asmahan alimwita mumewe kwa jina, jambo asilolifanya mbele za watu. Hakugeuka. Mkono ulizunguka mara moja, na kopo likaangukia upande wa pili kabla mtu hajaona kiazi kilikopita. Ua mzima ukalipuka kwa shangwe. Sugow akamkumbatia, akamwomba radhi, akaagiza apewe sahani ya kwanza. Watoto wakadai kwa Kiingereza chao arushe tena.

Sahani ikaja na kijiko. Vidole vya Muzamil havikukunjika. Kijiko kikaanguka, akakitazama tu, maana hali kwa mkono wa kushoto.

"Bwana Sugow," Asmahan alisema, "mpaka leo mume wangu alikuwa anakula mwenyewe. Umeshaamini sasa? Basi njoo umlishe."

Hakumngoja. Aliketi yeye, akafinyanga tonge kwa hasira, akitaka angalau watokwe na machozi wote wawili. Lakini Muzamil, pilau tele mdomoni, alikuwa na tabasamu ambalo mkewe hajawahi kuliona tangu amwoe, na hilo Asmahan hakumsamehe mtu yeyote, yeye mwenyewe Muzamil akiwemo.