Kopo la Juu ya Kabati

Mfunga nyavu wa klabu ya tenisi, ambaye wote walimwita Baba Wavu, alikuwa mtu wa kutunza vitu mpaka vitu vyenyewe vinachoka. Bintiye alijifunzia mchezo kwenye ukuta wa nyuma ya bafu za wanachama, kwa mipira waliyoitupa. Mipira imekufa, ukiidondosha inadunda mpaka gotini inakata tamaa. Binti akazoea kuitwanga kwa nguvu zake zote, na aliitwanga kweli, jamani, mpaka plasta ikabanduka.

Kopo jipya la mipira walikuwa nalo moja tu, zawadi ya mwanachama aliyehama. Baba alilipandisha juu ya kabati.

"Baba, nifungulie nionje hata mmoja."

"Thubutu! Hilo ni la siku ya mchujo."

Na kuhusu kopo hakukosea. Mpira wa tenisi umeshindiliwa hewa, na ukikaa nje hewa hiyo huvuja kidogo kidogo, hata usipoguswa. Ndiyo maana kopo nalo hushindiliwa hewa: ya nje ya mpira inaisukuma ya ndani, haipati pa kutokea. Ukishafungua, kwisha habari yake. Baba Wavu aliyajua hayo yote, akawa anajisifia.

Siku ya mchujo wa shule ya michezo ikafika. Shule hiyo ingemsomesha binti bure mpaka amalize, na nyumbani hapakuwa na njia nyingine. Kila mchezaji alitakiwa aje na mipira yake. Baba akavuta kifuniko mwenyewe. Pssss! Akacheka peke yake.

Mpira wa kwanza binti aliupiga ukapita juu ya uzio. Wa pili vilevile. Akipunguza nguvu, unanasa wavuni. Mipira ilimrukia mabegani, naye maskini mikono yake ilikuwa ikiisubiri magotini.

"Polepole, mwanangu!" baba akapiga kelele.

Polepole ya nini sasa? Mpinzani hakutoka hata jasho, na jina la binti halikusomwa.

Wakarudi nyumbani. Mlangoni binti akasema, bila hasira, na hapo ndipo palipomuuma baba: "Nilikuomba unifungulie."

"Nilikutunzia, mwanangu."

"Najua, Baba."

Kesho yake akarudi ukutani na mipira ileile ya kopo. Alipokuja kuizoea, ilikuwa imeshaishiwa hewa.