Dodoso la maumivu nililotafsiri Ibra, na wazee wote wakasema hawaumwi

Wakuu, salamu kutoka Ibra, Oman. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi.

Mimi ni karani wa kliniki moja huku. Wazee wetu waliotoka Unguja Kiarabu wanakijua, ila wakiumwa wanarudi kwenye Kiswahili. Kwa hiyo daktari akaniomba nitafsiri dodoso la maumivu sugu, kisha nilifanyie majaribio kwa wazee kabla halijaanza kutumika. Mwenye alama za juu anapelekwa kwa bingwa wa maumivu, mji wa Nizwa.

Kazi hii sikuisomea, nilijifunza mtandaoni. Kila sentensi niliihariri mpaka usingizi ukapotea. (Ndiyo, niko hivyo. Hata meseji ya WhatsApp naandika, nafuta, naandika tena.)

Nikapita nyumba kwa nyumba. Majibu yakaja safi kabisa: hakuna anayeumwa.

Na mimi nikafurahi, eti dodoso linaeleweka!

Aliyenizindua ni jirani yetu, Bi Ruqaya. Naye kila swali alijibu sifuri. "Alhamdulillahi, sina kitu. Kunywa kahawa, mjukuu wangu."

Ikaadhiniwa alasiri. Akasali juu ya kiti. Kuinuka, akashika ukuta, macho kayafumba, meno kayauma.

"Bibi, mbona umesema huumwi?"

"Kwani weye si mgeni wangu? Mgeni nimpe kahawa au nimpe magoti yangu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na Mola wangu nimshitaki kwako, na makaratasi yako hayo?"

Nikazitazama sifuri zake. Kwa alama zile, Nizwa asingefika.

Nikaweka kalamu chini, nikamuuliza ni kitu gani alikuwa akikifanya na sasa hakiwezi.

Akajisugua magoti.

"Kusujudu. Tokea Ramadhani paji langu halijagusa mswala."

Nilimweleza daktari kwamba majibu yote niliyokusanya hayafai. Nilitegemea kufukuzwa. Akasema, "Ongeza swali hilo, uanze upya. Na uwaulizie hapa kliniki, wao ndio wawe wageni."

Safari hii wazee wakasema.

Funzo langu: nilikagua kila neno, sikukagua nimekaa kwenye sebule ya nani.

Bi Ruqaya kapata miadi Nizwa. Nilipompelekea habari akajibu, "Alhamdulillahi," kwa sauti ile ile.

Safari hii sikuiandika kuwa sifuri.

Wakuu mlio na wazee nyumbani, nyinyi mnawaulizaje mpaka waseme? Nasoma kila jibu.